Vyombo Visivyokopeshwa

Mama yangu, kwa kadiri nilivyomjua, alisema uongo mmoja tu mbele za watu, na aliusema kwa ajili ya vyombo vyangu vya Kijerumani. Sikumtuma. Hata sikuwapo. Lakini tangu siku ile kila nikishika kikombe kimoja katika vile, hata kwa kukifuta vumbi tu, hatia hunirudia, na bado sivitoi nyumbani. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwamba nimejuta miaka yote hii na miaka yote hii nimeendelea kuvipenda.

Nianze na hayo mapenzi, maana wenzangu wa Msambweni hawakuyaelewa na siwalaumu. Kwetu vyombo ni mambo ya wanawake. Mwanamume hununua sahani akitumwa, na akifika nyumbani humkabidhi aliyemtuma, basi. Mimi nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, nikifanya kazi Diani katika nyumba ya wageni ya mume na mke wa Kijerumani, miaka michache kabla ya Uhuru. Kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda, kupangusa, na kupeleka chai barazani asubuhi. Wageni walikuwa wachache siku hizo, na njia ya kwenda huko ilikuwa mchanga mtupu na mbega juu ya miti wakikutazama unavyosukuma baiskeli.

Yule bibi wa Kijerumani alikuwa na rafu ndefu ukutani, imejaa vyombo ambavyo sikupata kuona mfano wake. Mwanzo nilidhani havijamalizwa kutengenezwa. Hapakuwa na waridi wala ukingo wa dhahabu. Birika la kahawa lilipanda juu moja kwa moja, halina tumbo wala kiuno. Palikuwa na jagi jeusi lisilong'aa, limechanjwa mistari myeupe kwa mkono, na mistari yenyewe haikulingana. Palikuwa na sahani za kabla ya vita vikuu, zimepuliziwa rangi ya chungwa na buluu katika vipande vya duara, rangi ikififia pole pole mpaka ikaisha. Na palikuwa na chombo cha maua, shingo nyembamba, rangi ya manjano, ambacho rangi yake ya juu ilitokota motoni ikaganda vivyo hivyo, kama uji uliofurika sufuriani. Hicho kilinichukiza hasa. Haukupita muda nikawa nakitafuta kwa macho kila nikiingia chumba kile.

Maua hakuyatia. Nilimwuliza, akasema maua yangekiharibu. Akanifundisha kuvipindua. "Usitazame uso," aliniambia kwa Kiswahili chake cha mkato, "tazama chini." Chini kulikuwa na alama ya kiwanda, nambari iliyochongwa, na jina la nchi. Alinionyesha kipi kilitengenezwa kabla ya vita na kipi baada, kipi kimepitia gurudumu na kipi kimemiminwa katika kalibu. Nilijifunza upesi, maana nilitaka kujifunza.

Nilipomsimulia Mama alicheka hadi akakaa chini. "Kwa hiyo siku hizi kazi yako ni kutazama vyombo matakoni?" Akaenda kuwahadithia wenziwe, na tangu hapo nikishuka barabarani mwisho wa mwezi wanawake waliokaa barazani waliniamkua kwa kicheko na kuniuliza kama nimeona matako gani mapya. Niliwaitikia kwa adabu, nikapita upesi.

Kisha ikaja miaka ya Uhuru, na Wazungu wengi wakaanza kuhama. Wengine walikuwa wa mashamba ya miwa ya Ramisi, wengine wa nyumba za pwani ya Diani, na si wote waliofukuzwa na jambo lolote, ila waliogopa. Walitandaza vitu vyao juu ya nyasi mbele ya nyumba. Watu walikuja kutoka Ukunda na Kombani wakagombania vitanda, cherehani na masufuria. Mimi niliinama mwishoni kabisa, palipowekwa vitu ambavyo havikutakiwa na mtu, nikipindua. Mara nyingi nilipewa tu, ili vitoke. Mzee mmoja wa Kizungu alinitazama nikilifunga bakuli la mkewe ndani ya gazeti, akageuka akaingia ndani bila kuaga. Nilikuwa kama mtu anayeokota maembe yaliyoanguka upande wa pili wa ua: hakuiba, lakini hutazama nyuma.

Hata bibi wangu wa Diani, ambaye hakuhama, alinipa vikombe vyeupe na visahani vyake, seti nzima isipokuwa kifuniko cha birika kilichokuwa kimevunjika. Kwake seti pungufu haikuwa na maana tena. Vilikuwa vikombe vyembamba, vyeupe pepe, mikono yake ya mraba, bila pambo hata moja. Nilivipeleka nyumbani nimevipakata. Baadaye alinipa pia lile jagi jeusi na kile chombo cha manjano.

Na nyumbani ndiko yalikoanza mambo, kwa sababu nyumba yetu haikuwa nyumba kama nyingine. Mama alikuwa mtunza vyombo vya mtaa. Alirithi kazi hiyo kwa mamake. Ndani kulikuwa na sanduku kubwa, na humo zilikuwamo sahani, mabakuli, masinia, vikombe, mrashi wa kunyunyizia marashi na chetezo cha kufukizia udi. Vilinunuliwa na wanawake wa mtaa kwa vizazi, huyu sahani, yule bakuli, na hapakuwa na aliyejua tena kipi kilitoka kwa nani. Mwenye harusi, maulidi au msiba alikuja mlangoni akasema, "Nimekuja kwa vyombo." Mtunzaji husema, "Karibu, chukua." Hamwulizi vingapi wala atavirudisha lini. Sanduku halikuwa na kufuli. Vyombo vilirudi vimeoshwa, na ndani ya kimoja mmetiwa konzi ya mchele au sukari, maana kwetu chombo hakirudi kitupu. Kikivunjika havikutafutwa visa. Watu walisema kimekinga, yaani shari iliyokuwa imwangukie mtu imeangukia chombo, na wakamshukuru Mungu. Neno moja tu lilikuwa haramu kwa mtunzaji, nalo ni "Havipo."

Mama alijivunia kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alikuwa mjane, hana shamba la kutajwa, lakini hapakufungwa ndoa wala kuzikwa maiti Msambweni upande wetu bila mtu kupiga hodi kwake kwanza. Akipita njiani waliokaa waliinuka.

Mimi nilipanga vyombo vyangu kwenye ubao juu ya sanduku lile lile. Sikufikiri. Mama alivitazama, akauliza kila kimoja kinawekwa nini, nikamwambia hakiwekwi kitu, ni cha kutazamwa. "Cha kutazamwa!" akasema. "Basi nami leo nitazamwe, nisipike." Lakini alivifuta vumbi kila siku, na mara nyingine nilimwona amekipindua kimoja akichungulia chini, akidhani sioni.

Mtu aliyevipenda kweli alikuwa Mama Somo. Ndivyo nilivyomwita, kwa kuwa yeye na Mama waliitana somo tangu usichana. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama alipougua baada ya kunizaa, Mama Somo ndiye aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe, kwa hiyo kwa sheria na kwa mapenzi alikuwa mama yangu wa pili. Siku moja alishika kikombe cheupe akakigeuza kwenye mwanga wa dirishani. "Hivi ndivyo vya matangani," akasema. "Vyetu vyote vina maua. Mtu amefiwa, unampa chai ndani ya maua mekundu. Hivi vimekaa kimya." Nilicheka, kwa sababu yule bibi wa Diani alikuwa amenieleza jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi. Nikajibu kwa kujigamba kwamba vikombe hivyo vilipigwa picha vitabuni Ulaya. Mama Somo akasema, "Mashallah," akakirudisha mahali pake.

Basi ikatokea harusi mtaani nikiwa kazini. Wanawake walikuja kwa vyombo, wakachukua vya sandukuni na vya ubaoni pia. Kwao kila chombo kilichokuwa ndani ya nyumba ile kilikuwa chombo cha mtaa, na kwa nini wafikiri vingine? Nilifika siku ya pili, nikakuta ubao mtupu. Nikaenda harusini. Jagi langu jeusi lilikuwa limejaa sharubati. Ndani ya bakuli lililopuliziwa rangi ya chungwa mlikuwa na pilipili ya kusaga. Na kile cha manjano chenye shingo nyembamba, ambacho maua yangekiharibu, msichana mmoja alikuwa anakizungusha kati ya wageni akiwanyunyizia marashi, na ninakiri kwamba kilifaa kazi hiyo kuliko mrashi wenyewe.

Kilirudi kimemeguka mdomo. Ndani yake mlikuwa na sukari kwenye karatasi iliyokunjwa vizuri. "Kimekinga," alisema aliyekileta, na Mama akaitikia, "Alhamdulillahi." Nilikichukua nikapitisha kidole kwenye lile pengo, nikakiweka, nikaaga kwamba nina kazi mapema, nikaondoka bila kula. Hayo tu. Sikumgombeza mtu wala sikumkataza mtu. Nimejitetea kwa maneno haya mara nyingi, na kila mara nayaona ni ya kweli na hayanisaidii.

Mwezi uliofuata nilimwambia fundi wa Ukunda anitengenezee kabati lenye milango ya kioo. Lilikuja na kitasa na ufunguo, kama yanavyokuja makabati. Bibi wa Diani alipolisikia alinipongeza, akasema sasa nimekuwa mkusanyaji kamili. Ufunguo sikuuchukua. Nilimwachia Mama.

Mume wa Mama Somo alifariki wakati wa upepo wa kusi, ghafla, akitoka kuswali alfajiri. Alikuwa mtu wa watu, na mashehe na jamaa zake walikuwa wengi kuanzia Gazi hadi Vanga. Nusu ya vyombo vya mtaa vilikuwa vimekwenda Gazi kwenye harusi. Vilivyobaki sandukuni havikutosha. Mama Somo, katikati ya kilio chake, alikumbuka vile vikombe vyeupe. Akamtuma wifi yake kwetu.

Yaliyotokea mlangoni nilisimuliwa baadaye. Wifi alisema, "Nimekuja kwa vyombo," Mama akajibu, "Karibu, chukua," akampa vyote vya sandukuni. Kisha wifi akasema, "Na somo yako anaomba vile vyeupe vya mwanao, vya kuwapa chai mashehe." Mama akasimama. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake. Akasema, "Havipo. Amekwenda navyo Diani."

Habari ya msiba ilinifikia kwa dereva wa basi. Niliomba ruhusa nikaja vile nilivyo, na kanzu ya kuazima. Sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kilioni. Tulizika alasiri. Tuliporudi makaburini nikaruhusiwa kuingia ndani kumpa mkono Mama Somo, maana kwake mimi ni mtoto wa ziwa lake na eda yake hainizuii. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, amejitanda nguo nyeupe, wanawake wamemzunguka. Mama alikuwa ubavuni mwake, amemshika mkono.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba. Mungu amrehemu."

"Marahaba, mwanangu. Amin. Umefika." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Na vile vikombe vyeupe, umerudi navyo?"

Sikuelewa. Nilidhani amevikumbuka tu, kama mtu mwenye huzuni anavyokumbuka kitu chochote. Nilitaka kumfurahisha. "Vikombe? Vipo, mama," nikasema. "Vipo nyumbani kabatini, sijavigusa tangu mwezi uliopita. Wataka nikakuletee?"

Mle chumbani mlikuwa na wanawake wengi na wote walikuwa wakisema kwa sauti za chini. Wakanyamaza. Sikujua nimesema nini, lakini niliona mkono wa Mama ukitoka polepole kwenye mkono wa Mama Somo, ukarudi mapajani mwake. Wifi aliyetumwa alikuwa kwenye kizingiti na sinia la makopo. Nje mashehe wa Vanga walikuwa wakinywa chai kwa makopo ya bati na mikebe ya maziwa.

"Hapana haja," akasema Mama Somo. "Watu wamekwisha kunywa."

Mama akainuka, akasema anakwenda kutazama moto.

Nilipofika nyumbani jioni nikakuta kabati langu limefunikwa kwa leso juu hadi chini, hata kioo hakionekani. Hapo ndipo nilipoelewa yote. Mama aliporudi nilimwuliza kwa nini. Nilimwuliza kwa ukali, kwa kuwa nilikuwa na aibu. Alikuwa akikunja jamvi. "Niliuona uso wako siku ile ya harusi," akasema. "Sikutaka niuone tena."

Nilimwambia si kweli, sikukasirika siku ile. Angenigombeza ningepumua, lakini aliniuliza tu kama nimekula.

Hapakuwa na aliyekuja kumlaumu. Sisi si watu wa kupigiana makelele mlangoni. Walimwamkua kama kawaida, walimwalika kama kawaida, na Mama Somo alimtumia futari mwezi wa Ramadhani. Lakini siku vyombo vilipokuwa vinarudi kutoka Gazi nilikuwapo, nimepata mapumziko. Tulisikia kwa mbali makapu yakija na sahani zikigongana ndani yake. Mama aliacha mchele aliokuwa akipeta, akafungua kifuniko cha sanduku, akaenda kusimama mlangoni kama alivyofanya maisha yake yote. Wanawake wakamsalimu, akaitikia. Wakapita. Wakaenda hadi nyumba ya mwisho, kwa mwanamke mmoja mdogo wake kwa umri, mwenye heshima zake, na huko tukasikia makapu yakitua chini. Mama alisimama pale mlangoni muda kidogo, akirekebisha ushungi. Kisha akarudi akafunga sanduku, tupu tangu siku ya msiba, na kuendelea kupeta.

Niliporudi Diani nilimhadithia yule bibi, si kwa kutaka shauri, ila kwa sababu lilinijaa. Alinisikiliza vizuri. Alisema mama yangu ni mtu mwenye akili, kwamba vitu kama vile havikopeshwi, na kwamba ingekuwa bahati kama makumbusho yote yangekuwa na watunzaji kama yeye. Alimsifu kwa dhati. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa juu ya gunia la makaa, nikachukia sifa zile na vikombe na ndevu zangu mwenyewe.

Eda ilipokwisha nilichukua hatua ambayo nilidhani ni ya kiume. Nilivifunga vikombe vyote vyeupe, nikavipeleka kwa Mama Somo, nikamwambia ni vyake, au ni vya mtaa, avitumie atakavyo. Alinikaribisha, akanipa kahawa na halua. Alifungua kifurushi, akatazama, akakunja gazeti juu yake tena taratibu kama mtu anayemfunika mtoto.

"Mwanangu," akasema, "Mungu akubariki. Lakini hivi ni vyako. Sisi hatukuomba vyako. Tuliomba vya mama yako."

Nilivibeba nikarudi navyo, na wale wa barazani, waliokuwa wakinitania kila mwezi, waliniamkua bila kicheko.

Baada ya hapo ningeweza kuacha. Ningeweza kuviuza, wageni wa hoteli mpya walikuwa wanaanza kuuliza vitu kama hivyo. Sikuacha. Nilisikia mtu wa Kombani ana jagi kutoka kiwanda fulani, nikaenda kwa baiskeli juani kulitazama, na njiani nikajitukana, na nilipofika nikalipindua. Lilikuwa lenyewe. Nikalichukua. Nilifika nyumbani nalo, Mama akalipokea, akalifuta, akafungua kabati na kuliweka nyuma ya mengine, akafunga. Hakuna aliyevitunza vyombo vile kama yeye. Alivitunza kana kwamba alikuwa amevinunua kwa bei kubwa, na kweli alikuwa amevinunua.

Kisha nikaoa. Uhuru ulikuwa umezoeleka tayari, bendera imepauka juu ya ofisi ya chifu, na mke wangu alitoka Ukunda kwa watu wakarimu ambao wangekuja wengi. Nilikuwa na furaha. Siku chache kabla ya harusi nilimwambia Mama kwamba vyombo visitutie wasiwasi, nitafungua kabati, kila kitu kitumike, kivunjike kinachovunjika, na niliyasema hayo kwa moyo mzima. Nadhani nilikuwa nikingoja afurahi.

"Harusi ya mwanangu haifanywi kwa vyombo vya kabatini," akasema. "Watu wangekuja kutazama. Sitaki watazame, nataka wale." Akajitanda buibui lake. "Nifuate, unisaidie mizigo."

Tulipita barazani kwa watu. Nilijua anakwenda wapi na sikuamini mpaka alipokata kona kuelekea nyumba ya mwisho. Katika maisha yangu yote sikupata kumwona Mama akiomba chombo. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama nje ya kizingiti, akapiga hodi, akangoja aitikiwe kama mgeni yeyote. Yule mwanamke alitoka na mikono yenye unga, akamwona, akafuta mikono haraka kwenye leso, akapiga shikamoo huku ameinama.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama. "Nimekuja kwa vyombo."

Yule mwanamke alitaka kusema jambo. Niliona midomo yake ikijaribu. Mwisho akasema lile linalosemwa: "Karibu, mama. Chukua." Akatusogezea makapu, akaenda uani ili Mama achague peke yake.

Mama alipiga magoti mbele ya vyombo ambavyo mikono yake ilivijua vyote. Alichukua vichache kuliko vilivyohitajika. Masinia, mabakuli, vikombe vya maua mekundu. Kimoja alikigeuza akakiona kina ufa ambao zamani haukuwapo, akakirudisha bila kusema. Kisha akavipanga kapuni, matambara katikati, akajitwika.

Nilikuwa nimesimama pale kijana mzima, bwana harusi, mikono mitupu. Nikasogea. "Nipe nibebe mimi, mama," nikasema. "Ni vizito."

Hakusema kwa uchungu. Ningeapa kwamba hakuwa na uchungu wowote, alikuwa anaogopa visivunjike tu. Alilishika kapu kwa mkono mmoja, akatazama njia mbele yake.

"Wacha, mwanangu," akasema. "Wewe hujazoea kubeba vya watu."

Tukarudi nyumbani, yeye mbele na mimi nyuma yake, na waliokaa barazani wakainuka kumpisha kwa sababu alikuwa na mzigo.